Nusu ya Njia: Umbo la Hesabu katika Daftari la Singida

Karatasi ya Hisabati ya kidato cha nne ina alama 100. Sehemu A ina maswali 10, kila moja alama 6; sehemu B ina maswali 4, kila moja alama 10. Hakuna swali la kuchagua A, B, C au D, na maelekezo ya mwanzo yanamtaka mtahiniwa aonyeshe wazi kazi iliyomfikisha kwenye jibu. Msahihishaji wa Baraza la Mitihani la Tanzania anapofungua kijitabu cha mtoto wa Ikungi au Mkalama, mkoani Singida, jibu la mwisho ni mstari mmoja tu kati ya mistari mingi anayoisoma. Mingine yote ni njia, na sehemu kubwa ya alama imo humo.

Nataka kuisoma njia hiyo kama maandishi. Ina mwanzo na mwisho, ina mpangilio wa mistari, ina msamiati wake, ina mtu anayesema na mtu anayeambiwa. Mwanafunzi akisoma riwaya darasani ataulizwa habari za fani: nani anasimulia, kwa nini sura imeanza hapa, neno hili linafanya kazi gani. Akigeukia daftari la hesabu, maandishi aliyoyaandika kwa mkono wake mwenyewe, hapati swali la aina hiyo hata moja. Anapata tiki au kosa. Kati ya mwaka 2020 na 2022 ufaulu wa Hisabati kidato cha nne nchini ulikuwa ukizunguka asilimia 20, na kila matokeo yakitoka mjadala hurudi kwenye upungufu wa walimu, uhaba wa vitabu na woga wa somo. Hayo yote yapo na yanauma. Lakini ni nadra kumsikia mtu akiusoma ukurasa wenyewe, mstari kwa mstari, kuona umekaaje.

Ripoti za Baraza za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa zinakaribia kufanya kazi hiyo. Zinachapisha picha za majibu mazuri na mabovu kwa mwandiko wa watahiniwa wenyewe, na kila mwalimu wa hesabu anapaswa kuwa nazo mezani. Zinatuambia mtahiniwa alishindwa wapi. Ninachotafuta mimi ni namna ukurasa ulivyoumbwa hata kushindwa huko kukawa rahisi.

Daftari la hesabu mkoani Singida, liwe la shule ya kata huko Itigi au la kidato cha tano katika shule za Mwenge pale mjini na Lulumba kule Kiomboi, lina sura moja. Namba ya swali iko pembeni. Chini yake kuna kifupi "Soln", kimepigwa mstari kwa rula. Kisha inashuka safu ya mistari, alama za sawa zikiwa zimepangwa moja chini ya nyingine kadiri mkono ulivyoweza. Mishale hapa na pale. Mwishoni zinakuja nukta tatu za pembetatu, ∴, halafu jibu, na chini ya jibu mistari miwili.

Ni umbo zuri. Jicho linashuka bila kutangatanga, na mstari uliokosewa unaonekana kwa sababu umekaa peke yake. Wanadamu walilifikia polepole. Alama ya sawa ililetwa na Robert Recorde katika kitabu alichokichapisha Uingereza mwaka 1557, kwa sababu alichoka kurudia maneno yaleyale. Zile nukta tatu zilionekana katika kitabu cha Johann Rahn wa Uswisi mwaka 1659. Kila alama ya ukurasa huo ni sentensi iliyofupishwa na mtu aliyekuwa akiijua sentensi nzima. Mwanafunzi wetu anaanzia kwenye kifupi.

Tazama jinsi mistari hiyo inavyofika daftarini. Mwalimu yuko ubaoni. Mkono unaandika alama, mdomo unasema sababu: sasa hapa tunataka x ibaki peke yake, kwa hiyo tunafanya hivi, lakini angalieni, hii haiwezi kuwa sifuri. Darasa linanakili mkono. Mdomo haunakiliwi. Kengele ikigonga, nusu ya njia imebaki hewani, na jioni kwenye prepo mwanafunzi anafungua nusu iliyosalia na kujaribu kuifuata kwa swali jipya. Vitabu vya Backhouse na Tranter, ambavyo vizazi vya wanafunzi wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) wa nchi hii vimevitumia hadi majalada yakang'oka, vina maneno kati ya mistari ya mifano yake. Wanaovinakili huacha maneno na kuchukua mistari.

Hasara inaanza mapema sana, kwenye aljebra ya mwanzo kabisa:

3x + 5 = 20
3x = 20 − 5
3x = 15
x = 5

Kati ya mstari wa kwanza na wa pili kuna tendo limefanyika: pande zote mbili zimepunguzwa 5. Daftari halilisemi. Kinachosemwa, darasani na kwenye diskasheni, ni kwamba 5 "imevuka ikabadilika alama". Usemi huo unaeleza mwonekano wa ukurasa, na mwonekano ni kweli: 5 ilikuwa kushoto, sasa iko kulia, ilikuwa na jumlisha, sasa ina toa. Mwanafunzi msikivu akifika mstari wa tatu ataivusha na 3 vilevile, aandike x = 15 − 3, apate 12. Kosa hili limejaa madaftarini na mara nyingi huitwa uzembe. Mimi naliona ni usomaji mwaminifu wa ukurasa. Ameonyeshwa namba ikihama upande na kubadili alama, naye amefanya alichoonyeshwa. Pembeni pangeandikwa "toa 5 pande zote mbili", na chini yake "gawanya kwa 3 pande zote mbili", asingekuwa na pa kuteleza.

Shule ya msingi ilikwisha kumpa MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Ni kifupi kizuri cha kukokotoa kwenda mbele. Mlinganyo unamtaka arudi nyuma: x ilizidishwa kwa 3 kwanza ikajumlishwa 5 baadaye, kwa hiyo cha mwisho kufanywa kinakuwa cha kwanza kutenguliwa. Mpangilio wa safu, juu kwenda chini, unaficha kabisa kwamba tunarudi nyuma. Hakuna mstari unaosema hivyo, na sijaona zoezi linalomtaka mwanafunzi aseme.

Nije kwenye hesabu za mafumbo, ambazo wanafunzi wengi huziruka. Hili nimelitunga mwenyewe, ila ndugu zake wamejaa vitabuni. Mama mmoja wa Ikungi ameuza kuku 4 na magunia 3 ya alizeti akapata shilingi 270,000. Jirani yake ameuza kuku 6 na gunia 1, kwa bei zilezile, akapata shilingi 160,000. Tafuta bei ya kuku mmoja na bei ya gunia moja.

k iwe bei ya kuku mmoja, g iwe bei ya gunia moja, kwa shilingi
4k + 3g = 270,000 … (i)
6k + g = 160,000 … (ii)
Kutoka (ii): g = 160,000 − 6k
Weka katika (i): 4k + 480,000 − 18k = 270,000
14k = 210,000
k = 15,000, g = 70,000

Mstari wa kwanza ndio wenye mamlaka kuliko yote, maana ni mahali pekee ambapo mwandishi anachagua. Baada ya hapo kila mstari unadaiwa na ule ulioutangulia. Na ndio mstari unaoandikwa kwa haraka kuliko yote. Fungua madaftari utakuta "k = kuku, g = gunia". Ukisoma kwa makini, mwandishi huyo amesema kwamba 4k + 3g ni kuku wanne wamesimama kando ya magunia matatu, na kwamba shehena hiyo ni sawa na namba 270,000. Kisha mwishoni k ni 15,000, yaani kuku ni elfu kumi na tano. Jibu litatoka sahihi, mwalimu atatia tiki, na ugonjwa utabaki umelala. Utaamka siku swali litakaposema idadi ya kuku ni mara 6 ya idadi ya mbuzi. Aliyezoea kwamba k ni kuku ataandika 6k = m, kwa sababu machoni pake anaona kuku sita kwa kila mbuzi mmoja. Ukweli ni k = 6m. Herufi inasimama badala ya namba, na ni mstari wa kwanza peke yake unaoweza kusema ni namba ya nini: bei, idadi, uzito, umri.

Njia hii pia inafanya jambo ambalo insha za shule hazifanyi. Inazipa sentensi zake majina, (i) na (ii), ili iweze kuzirudia. Mwandishi anasema alichosema, halafu anakitumia kama ushahidi. Napenda sana mabano hayo madogo. Ndiyo mabaki ya mazungumzo katika ukurasa ulionyamazishwa, kwa sababu "kutoka (ii)" ni sababu iliyoandikwa waziwazi.

Halafu kuna kuhakikisha jibu, ambako wengi hawafiki, na wanaofika hukosea mahali pa kuhakikishia. g ilipatikana kutoka (ii). Ukirudisha 15,000 na 70,000 katika (ii) zitakubali hata kama ulikosea kukokotoa k, maana g imetengenezwa ili (ii) ikubali. Shahidi wa kweli ni (i): 60,000 na 210,000, jumla 270,000. Mwanafunzi anayejua ni mstari gani wa kuuliza ameuelewa muundo mzima wa njia yake.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwenye milinganyo ya kipeo cha pili, kwa sababu tuna bahati ya kuweza kulinganisha maumbo mawili ya njia moja. Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu chake cha aljebra Baghdad, miaka ya 820 hivi. Ndani yake hakuna x, hakuna alama ya jumlisha wala ya sawa. Kila kitu kimesemwa kwa maneno. Kisichojulikana anakiita kitu au shina, na kipeo chake cha pili anakiita mali. Mfano wake maarufu kuliko yote, kwa alama zetu, ni x² + 10x = 39. Kidato cha pili leo kinautatua hivi:

x² + 10x = 39
x² + 10x + 25 = 39 + 25
(x + 5)² = 64
x + 5 = ±8
x = 3 au x = −13

Mstari wa pili ndio moyo wa njia, na ndio ulio kimya kuliko yote. Hiyo 25 imetoka wapi? Darasani kanuni ni kuchukua nusu ya 10, kuipandisha kipeo cha pili, na kuongeza pande zote mbili. Mtu anaweza kuitii kanuni hiyo hadi anamaliza shule asijue kwamba kuna umbo analolichora. Al-Khwarizmi alikuwa akilichora kweli. Anza na mraba ambao kila upande wake ni x. Igawe 10x iwe vipande vinne, kila kimoja mstatili wenye urefu x na upana 2½, uvibandike kwenye pande nne za mraba huo. Eneo la umbo zima ni 39. Pembe nne zimebaki wazi, na kila pembe ni mraba mdogo wa 2½ kwa 2½, yaani 6¼. Zote nne ni 25. Zijaze pembe, mraba mkubwa unakamilika: eneo 64, upande 8. Ondoa 2½ kushoto na 2½ kulia, inabaki 3.

Njia hii tunaiita kukamilisha mraba, na mraba unaokamilishwa haumo daftarini. Mwanafunzi akiuona mara moja, ile 25 haiwi tena namba iliyodondoka kutoka kwa mwalimu. Ni eneo la pembe zilizokuwa wazi.

Hata hivyo safu ya leo ina nguvu ambayo mchoro hauna, nami sitaki kuionea. Al-Khwarizmi aliishia kwenye 3, maana upande wa mraba hauwi hasi. Safu ya alama, kwa kuwa haijali umbo, inafika −13 bila kusita. Alama ± ni njia panda, na neno "au" katika mstari wa mwisho linasema kwamba x inaweza kushika upande mmoja au mwingine. Wengi huandika "x = 3 na x = −13". Soma ulichoandika: hakuna namba inayoweza kuwa zote mbili kwa pamoja. Msahihishaji huenda asikunyime alama, lakini maandishi yamesema jambo lisilowezekana.

Kinachofuata katika mtaala ni kanuni ya jumla, ile ya hasi b kujumlisha au kutoa kipeuo cha pili cha b² − 4ac, vyote kugawanywa kwa 2a. Hiyo ni kukamilisha mraba kulikofanywa mara moja kwa herufi ili kusifanywe tena. Uchumi wake ni wa kupendeza. Lakini mara inapofika, zoezi zima linageuka kuwa kuweka namba kwenye nafasi zake, na mwanafunzi aliyeanza kuandika anarudi kuwa mjazaji wa fomu.

Kalkulasi inamkuta mwanafunzi kidato cha tano: wa PCM na EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati) katika Advance, yaani hisabati ya juu, wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) na HGE (Historia, Jiografia na Uchumi) katika BAM, hisabati tumizi ya msingi. Zoezi la kwanza la difarensiesheni huwa ni kutafuta mwinamo wa y = x² kuanzia msingi wenyewe, bila kanuni. Naliona kuwa ndio ukurasa bora kabisa katika hesabu za sekondari, na pia ndio unaoandikwa vibaya kuliko zote.

dy/dx = lim [(x + h)² − x²] / h, h ikielekea 0
= lim (2xh + h²) / h
= lim (2x + h)
= 2x

Anayesafiri kutoka Singida kwenda Nzega hushuka Sekenke, pale nyanda za juu za Iramba zinapokatika na barabara kuinama kuelekea Shelui. Unaweza kupima tofauti ya kimo kati ya juu na chini, ukagawanya kwa umbali, ukapata wastani wa mteremko wote. Dereva wa lori hana kazi na wastani huo. Anachohitaji ni mteremko wa pale magurudumu yake yalipo. Mstari wa kwanza wa njia hapo juu unachukua sehemu mbili za barabara zilizoachana kwa umbali h, unapata wastani wake, kisha unaahidi kwamba h itapungua bila mwisho.

Ahadi hiyo imebebwa na herufi tatu, lim. Nazo huwa za kwanza kuachwa. Mkono unachoka kuzirudia, kwa hiyo mstari wa pili unaanza bila lim, wa tatu vilevile, na wa nne unatangaza 2x. Soma ukurasa ulivyobaki: 2x + h = 2x. Hiyo si kweli isipokuwa h iwe sifuri. Na kama h ni sifuri, mstari wa pili umegawanya kwa sifuri. Mwandishi amejinasa kati ya mistari yake miwili.

Mtego huu una historia. Mwaka 1734 askofu George Berkeley alichapisha kijitabu cha kuwashambulia wafuasi wa Newton na Leibniz kwa jambo hilohilo: wanaichukulia h kuwa kitu wanapogawanya, kisha wanaichukulia kuwa si kitu wanapoitupa. Alikuwa sahihi. Kalkulasi ilikuwa ikitoa majibu ya kweli juu ya mwendo wa sayari, na njia yake ya kuandikwa ilikuwa na ufa. Ufa ulizibwa karne iliyofuata, Cauchy akianza katika kitabu chake cha mwaka 1821 na Weierstrass akikaza baadaye. Walichokifanya ni kueleza kwa maneno makali maana ya "h inaelekea 0": hatusemi kamwe kwamba h ni sifuri, tunasema kwamba 2x + h inaweza kukaribia 2x kiasi chochote utakachodai, mradi h iwe ndogo vya kutosha. Maelezo yote hayo yamekunjwa ndani ya lim. Mwanafunzi wa Kiomboi anayeiacha kwenye mstari wa pili anaufungua upya ufa wa Berkeley, na kosa analopewa kwa kalamu nyekundu halimwambii kwamba ameangukia mahali walipoangukia wakubwa.

Kuna kosa la upande wa pili, dogo: wapo wanaoibeba lim hadi mstari wa mwisho, lim 2x, ingawa h imekwisha kutoweka. Jibu halijaharibika. Inaonyesha tu kwamba kwa mwandishi lim ni pambo la mwanzo wa mstari, naye hajui kazi yake inaisha wapi.

Wiki inayofuata darasa linapewa kanuni, shusha kipeo mbele kisha punguza kimoja, na msingi unasahaulika hadi swali la mtihani liudai. Yaleyale yaliyoupata mraba wa al-Khwarizmi.

Mwisho wa sura hukaa maswali ya kilele. Kwa Singida, ambako kuku wa kienyeji hupakiwa kwenda Dodoma na Dar es Salaam, hili linafaa: una wavu wa mita 40 na unataka kuwazungushia kuku uwanja wa mstatili, upande mmoja ukiwa ukuta wa nyumba usiohitaji wavu. Uwanja uwe na vipimo gani ili eneo liwe kubwa kuliko yote? x iwe upana kutoka ukutani, kwa mita, na A iwe eneo.

A = x(40 − 2x) = 40x − 2x²
dA/dx = 40 − 4x
40 − 4x = 0
x = 10

Mistari ya pili na ya tatu inafanana kwa sura, na kazi zake ni mbali kabisa. Mstari wa pili ni kweli kwa kila x: chagua upana wowote, nitakuambia eneo linabadilika kwa kasi gani. Mstari wa tatu ni kweli kwa x moja tu. Kati yake alama ya sawa imebadilisha kazi, kutoka kueleza hadi kuuliza, na ukurasa haujasema lolote. Nani ameileta hiyo sifuri? Wanafunzi wazuri huandika hapo maneno mawili matatu, kwamba eneo likiwa kubwa kabisa kasi ya badiliko ni sifuri, nami nawapongeza, maana ni moja ya sentensi chache zilizookoka. Wangeongeza na sababu: x ikiwa chini ya 10 eneo linakua, ikipita 10 linapungua, kwa hiyo pale katikati halikui wala halipungui. Jaribu: x = 9 inatoa mita za mraba 198, x = 11 inatoa 198, x = 10 inatoa 200.

Hizo 198 mbili, moja kila upande, zingemgutusha msomaji makini. Eneo hili lina ulinganifu, na ulinganifu huo unaonekana ukikamilisha mraba: 40x − 2x² ni sawasawa na 200 − 2(x − 10)². Kipeo cha pili hakiwi hasi, kwa hiyo tunachokitoa kwenye 200 hakipungui sifuri, na eneo linafika 200 pale tu x inapokuwa 10. Swali la kidato cha tano limejibiwa kwa njia ya kidato cha pili, bila kalkulasi, na sababu imeonekana kwa macho. Vitabu vyetu vimeyatenga maswali haya kwa miaka mitatu na kwa majina ya sura tofauti. Zoezi moja linalodai njia zote mbili kando kwa kando lingemfundisha mwanafunzi zaidi ya maswali kumi ya aina moja yaliyopangwa (a) hadi (j).

Aina ya swali ninayoipenda kuliko zote ni "onyesha kuwa". Jibu limeshatolewa, halina thamani tena, kinachobaki kuandikwa ni njia tupu. Ndiyo maana udhaifu wa daftari unaonekana hapo kuliko popote: mwanafunzi anashuka kutoka juu, anapanda kutoka chini, na katikati anaruka, kisha anafunga kwa kuandika kwamba imeonyeshwa. Mwalimu anayetaka kujua darasa lake linaandika vipi awape maswali matatu ya aina hiyo badala ya ishirini ya kutafuta x.

Sidai kila mstari ubebe maelezo. Ukurasa utajaa, na uzuri wa safu utapotea. Mahali panapodai sentensi ni pachache: pale herufi inapopewa maana, pale namba mpya inapoingia kama ile 25, pale alama ya sawa inapobadili kazi, na pale kitu kama h kinapokaribia kutupwa. Na kwa madaftari ya mazoezi sioni sababu ya kuikataa sentensi ya Kiswahili. Mtihani ni wa Kiingereza, hilo litashughulikiwa wakati wake. Diskasheni za prepo ni za Kiswahili, na sababu zinazaliwa humo. Ziandikwe zikiwa bado moto.

Mwalimu wa hesabu wa Manyoni, Iramba au Singida mjini: madaftari yatakayofuata kuja mezani kwako, tenga alama moja ya kila swali kwa ajili ya sentensi. Aliyefika x = 10 bila kusema sifuri imetoka wapi, mkate hiyo moja. Aliyekosea kukokotoa lakini akaandika kwa nini kasi ya eneo iwe sifuri kileleni, mpe.